Tanzia ya Tumbo la Alute Mughwai

Ukoo wa Mughwai wa Mandewa, Singida, unasikitika kutangaza kifo cha robo tatu ya tumbo la mpendwa wao, Alute Mughwai, kilichotokea juu ya meza ya upasuaji mjini Dodoma, saa nne na robo asubuhi, mikononi mwa daktari aliyevaa kofia ya maua. Marehemu alizaliwa pamoja na mwenye tumbo miaka hamsini na tisa iliyopita. Katika uhai wake alitumikia ukoo kwa uaminifu kwenye harusi mia moja na kumi, vipaimara visivyo na idadi, Idi zote za majirani, na kila msiba uliokuwa na pilau. Habari ziwafikie mashemeji wa Mgori, mashangazi wa Ikungi, wakaanga chipsi wote wa stendi, na popote pale lilipo sufuria kubwa. Marehemu ameacha robo moja. Kwa heshima yake, msibani hakutapikwa kitu.

Tangazo hilo liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza. Kabla ya jua kuzama watu thelathini na wanne walikuwa wameandika "pole sana", wawili wakauliza mazishi ni lini, na mmoja akataka kujua kama turubai limeshapatikana.

Alute aliisoma tanzia yake kitandani, ameshika kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi, chenye maji. Alikuwa amepewa saa nzima kukimaliza. Zilibaki dakika kumi, na nusu kikombe kilikuwa bado kinamtazama.

Huyu ni mtu ambaye kwa kazi ana mashine ya kukamua alizeti, na kwa kazi hiyo anajulikana Mandewa peke yake. Kwa kula alijulikana mpaka wilaya za jirani. Alikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili, zilizopimwa kwenye mizani ya magunia kwa sababu ile ya zahanati ilifika mwisho ikanyamaza. Fundi wake wa nguo alimpima kwa awamu mbili, katikati anakunywa chai.

Na ukoo haukukiacha kipaji hicho kilale. Kwa akina Mughwai posa hupelekwa na watu watatu: wa kusema, wa kuitikia na wa kula. Wa kusema ni kaka yake mkubwa, Fredrick, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hawezi kuomba chumvi bila utangulizi. Wa kuitikia ni yeyote mwenye suruali safi siku hiyo. Wa kula alikuwa Alute, miaka ishirini na mbili mfululizo, bila naibu. Maana maneno yanaweza kupingwa, lakini sahani tupu utaipingaje? Mwenye nyumba akiona kuku wake amekwisha na mifupa imelazwa kwa mstari, anajua wageni wamempenda. Chakula kikibaki, anajua amedharauliwa, na binti harudi tena sebuleni.

Mwezi wa tatu timu hiyo ilikwenda Nduguti kumposea Leonard, mtoto wa Fredrick. Leonard alikuwa amekwenda huko kufuatilia saini katika mojawapo ya zile ofisi mpya za wilaya zinazonuka rangi, akarudi bila saini, ila na mchumba, Dina, binti wa masjala. Kizuizi kilikuwa baba yake Dina, Mzee Ezekieli, bwana mifugo mstaafu, mfugaji wa kuku wa kienyeji wanaotembea kama wenye mji. Alikwisha kuwatimua wachumba wawili. Wa pili alitimuliwa kwa sababu wazee wake waliacha nusu ya kuku kwenye sinia.

"Watu wasioweza kumaliza kuku wangu," alisema Mzee Ezekieli, "hawawezi kumaliza mwaka na binti yangu."

Alute alimmaliza kuku wake. Alimmaliza, akamaliza ugali, akamaliza mlenda, akauliza kama jikoni kumebaki supu. Mzee Ezekieli alisimama akampiga picha kwa simu. Machozi yalimlengalenga.

"Mzee mwenzangu," alimwambia wakati wa kuagana, "mkija mara ya pili kwa jibu, nitakuwekea jogoo mkubwa wa banda. Lakini uje wewe. Wakimtuma mwingine, wageuze gari palepale barabarani."

Sasa, shida ni kwamba zamu ya upasuaji ilikuja kabla ya jogoo. Alute alikuwa na sukari, alikuwa na magoti yanayolia kama bawaba, na katika mwaka mmoja alikuwa amevunja viti vitatu vya plastiki, cha mwisho kanisani wakati wa ukimya. Daktari wa Dodoma alikuwa hamung'unyi maneno. "Mzee, ukiendelea hivi, harusi ya huyo mtoto wa kaka yako utaiangalia kutoka juu. Kama juu ndiko unakoelekea." Basi Alute akalala mezani, wakakata, wakashona, wakamrudisha Mandewa na matundu matano madogo tumboni na karatasi ya maelekezo.

Karatasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Anaitwa Eliana, mtaalamu wa lishe, binti wa miaka ishirini na sita mwenye sauti ya upole isiyojadiliwa. Alipiga simu kila Jumatatu na Alhamisi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Umekula nini leo?"

"Supu."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Baba, kidogo yako mimi naijua. Vijiko vingapi?"

"Sita."

"Vya chai au vya kupakulia?"

Alute akakohoa.

"Baba Alute?"

"Vya chai, mwanangu. Vya chai! Hata mende ananionea huruma."

Wiki mbili za kwanza alikunywa maji na supu iliyochujwa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa na mfupa. Wiki ya tatu akaruhusiwa uji mwepesi na mtindi. Felista, mkewe, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa akimpikia mume mmoja kwa sufuria ya watu kumi, alijikuta anapika uji ndani ya kikombe. Sufuria yenyewe aliigeuza akamfunikia kuku anayeatamia. Wiki ya tano likaja yai. Yai moja la kuchemsha, lililopondwa. Alute alikaa mezani dakika arobaini, akashindwa, akamwita mkewe.

"Mama Sara, njoo umalizie."

Felista akaangalia lile yai, akaangalia mume, akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Vitu vya ajabu vilimpata. Tumbo halikuwa na njaa, lakini kichwa kilikuwa nayo. Kichwa kilimwamsha alfajiri kikimwonyesha mishikaki. Siku moja alikunywa nusu kikombe cha chai yenye sukari ya zamani, yaani vijiko vinne. Baada ya robo saa moyo ukaanza kupiga ngoma, jasho likamtoka mpaka kwenye masikio, akajilaza sakafuni mashineni kati ya magunia ya alizeti, na wateja wakavua kofia. Tena hakuwa na namna ya kujua ameshiba. Zamani kushiba ilikuwa habari inayokuja polepole, siku ya pili. Sasa ilikuja kwa kwikwi. Kwikwi moja tu, kali, kama mtu aliyepiga hodi. Akipitisha hata kijiko kimoja baada ya hiyo, chakula kinakwama kifuani, mate yanajaa mdomoni, na kila kitu kinarudi kilikotoka bila kuaga.

"Ukisikia kwikwi," Eliana alimfundisha, "weka kijiko chini, useme kwa sauti: nimeshiba. Sema sasa hivi nikusikie."

"Ni... nime..."

"Endelea baba."

Alikuwa hajawahi kulitumia neno hilo. Lilimkaa mdomoni kama meno ya kuazima.

Wiki ya saba, kilo ishirini na nne zikiwa zimekwenda zao, simu ikaja kutoka Nduguti. Jumamosi. Jibu lipo tayari. Jogoo naye yupo tayari.

Fredrick aliitisha kikao cha ukoo. Alisimama, akavuta pumzi, akaanza na shukrani kwa waliofika, waliotamani kufika na waliozuiwa na mvua ambayo haikunyesha. Baada ya nusu saa akafika kwenye hoja.

"Ndugu zangu, tuna posa. Mla posa hana tumbo."

"Tuwaambie ukweli," akasema Felista. "Mtu amefanyiwa upasuaji. Kuna aibu gani?"

"Shemeji, tutawaambiaje? Kwamba ukoo wetu ukiona chakula kingi unakwenda hospitali kukatwa? Watasema ni ugonjwa wa damu, utafika kwa wajukuu. Mzee Ezekieli ni bwana mifugo, huyo anaangalia mbegu!"

"Basi aende mwingine."

"Mwingine gari linageuzwa."

Leonard, mwenye posa yake, alikuwa amekaa kwenye kona ameshika kichwa. Alimpenda Dina. Hilo halikuwa mzaha. Kijana alikuwa ameacha hata kuangalia mpira. "Baba mdogo," alisema taratibu, "kama huwezi, mimi nitaelewa."

Ni hapo Alute alipoharibu mambo. Angenyamaza yangeisha. Lakini alimtazama yule kijana, aliyembeba mgongoni akiwa na miaka mitatu, akasema, "Nitakwenda. Nitamaliza."

"Apa," akasema Fredrick, "kwamba likitokea lolote, lile neno la hospitali hutalitamka Nduguti."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Alute akaapa kwamba hatasema ameshiba.

Ikaundwa kamati ndogo. Kamati ikaamua koti. Lilikuwepo koti la harusi la Alute, lililoshonwa enzi za kilo mia moja arobaini na mbili, ambalo sasa lilimning'inia kama turubai baada ya sherehe. Ndani yake ungeweza kuficha mbuzi na mwenye mbuzi. Kazi ya Felista ilikuwa kushona mifuko ya ndani isiyopitisha mchuzi. Mifuko ya plastiki Serikali ilishaipiga marufuku, na Felista ni raia mwema. Akachukua kitambaa cha mwamvuli wa zamani uliokuwa umetupwa stoo. Mifuko minne, mikubwa, myeusi, imara. Kamati ikapongezana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwamvuli ule ulitupwa stoo.

Jumamosi walipanda Noah ya kuazima, Fredrick mbele na hotuba yake, Leonard kwenye usukani, Alute nyuma ndani ya koti, wakafika Nduguti saa sita, jua likiwa limesimama wima. Mzee Ezekieli aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Akamkumbatia Fredrick, akampita Alute, akachungulia ndani ya gari.

"Mzee Alute yuko wapi?"

"Ni mimi," akasema Alute.

"Wewe ni nani?"

"Alute."

Mzee Ezekieli akatoa simu, akatafuta ile picha, akaiinua karibu na uso wa mgeni. Akalinganisha masikio. "Masikio ni yenyewe," alikiri mwishowe. "Lakini mwenzetu, mbona umepungua hivi?"

Fredrick alikuwa amejiandaa. "Mfungo!" alisema. "Amekuwa akifunga na kuomba. Kwa ajili ya posa hii."

Mzee Ezekieli akavua kofia.

Sebuleni walikuta meza imeandaliwa, na kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni ameketi Bibi Severina, mama yake Mzee Ezekieli, umri wake haujulikani, meno hana hata moja. Alikuwa na kibakuli chake cha bati mapajani na kijiko kidogo, na anakula mlenda na yai lililopondwa. Wageni wakamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mimi nimeshaanza. Nikiwangoja nyinyi mnamaliza, mnaondoka, mimi niko kijiko cha tatu."

Dina akaja na birika na beseni, akapiga magoti, akawanawisha. Alipofika kwa Leonard maji yalimwagika kidogo. Wote wawili wakajifanya hawakuona. Kisha likaja sinia. Ugali wa uwele ulikuwa umesimama kama kichuguu cha njia ya Mgori. Jogoo alilala amekunja miguu, mzima, anang'aa mafuta ya alizeti. Na mbele ya Alute, juu ya sahani yake mwenyewe, iliwekwa firigisi.

"Ya mgeni mkuu," akatangaza Mzee Ezekieli. "Hapa kwangu neno la posa halisemwi mpaka firigisi imemezwa na sahani ya mgeni imekwisha. Karibu, mzee mwenzangu. Fanya kama siku ile."

Alute aliangalia firigisi. Katika karatasi ya Eliana, firigisi ilikuwa ukurasa wa nyuma, kwenye vitu vya mwaka ujao. Akakata kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, akakiweka mdomoni, akafumba macho, na kama alivyofundishwa akaanza kutafuna mara thelathini, akihesabu kimyakimya kwa midomo. Moja. Mbili. Tatu.

Mzee Ezekieli aliona mtu aliyefumba macho na midomo inayotembea. Mtu wa mfungo. Akainamisha kichwa haraka, akawaashiria wote. Nyumba nzima ikafumba macho. Dina mlangoni akafumba. Fredrick, ambaye hakuelewa, akafumba.

Alute alipofika thelathini akameza, akafumbua macho, akawakuta wote wameinama.

"Amina," akasema Mzee Ezekieli.

"Amina," Alute akajibu, maana angesema nini?

Akachukua kipande cha pili. Moja, mbili. Vichwa vikainama tena. Hapo ndipo akili ya muuza mafuta ilipofanya kazi. Mkono wake wa kulia uling'oa paja la jogoo, ukaingia ndani ya koti, ukatoka mtupu. Thelathini. Amina. Tena. Tonge tatu za ugali na kidari. Amina. Bawa na shingo, na ugali uliochovywa kwenye mlenda. Amina.

"Watu wa Mandewa wana dini," Mzee Ezekieli alimnong'oneza Fredrick. "Kila tonge na sala yake. Na angalia anavyokula! Huwezi hata kumwona akila!" Akageuka kwa binti yake. "Dina, mwongeze mzee!"

Dina akaongeza. Koti likapokea. Mfuko wa kushoto ulikuwa umejaa paja, wa kulia ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi sita. Jasho lilimtiririka Alute, na kwa mara ya kwanza akaanza kuamini kwamba Leonard ataoa.

Kisha kuku akaingia. Kuku hai, jike la rangi ya kahawia, lililotoka uani likipita sebuleni kama kawaida yake. Likasimama chini ya kiti cha Alute, likainamisha kichwa upande mmoja, likadonoa sakafu. Likaja la pili. Likaja na vifaranga sita. Mwamvuli ulikuwa umekumbuka kwa nini ulistaafishwa. Kutoka pindo la koti, mchuzi ulidondoka tone kwa tone, na nyuma ya mchuzi, taratibu, ukifuata njia yake, ulishuka uzi mrefu wa mlenda.

Wote walikuwa wamefumba macho. Wote isipokuwa mmoja.

"Ezekieli mwanangu," Bibi Severina akasema, hajaacha kulamba kijiko, "fumbua macho. Mgeni wako analisha koti."

Mzee Ezekieli akafumbua. Akaona kuku, akaona uzi, akaufuata kwa macho mpaka juu.

"Mama, umeliona hilo tangu lini?"

"Tangu paja la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama na kichwa kitaingia. Na mimi sifumbi macho mbele ya chakula. Nimezaliwa na ndugu tisa."

Basi koti likavuliwa. Mzee Ezekieli, kwa utaratibu wa mtu aliyefanya kazi serikalini miaka thelathini na minne, akatoa kielelezo kimoja kimoja akakipanga mezani: paja la kushoto, paja la kulia, kidari, bawa, shingo, ugali kiasi cha tofali. Fredrick akasimama. "Mheshimiwa mkwe, kabla ya yote, ningependa kutoa ufafanuzi wa mila yetu ya kuwabebea wazee waliobaki nyumbani..."

"Kaka, kaa chini," akasema Alute.

Fredrick akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mzee mwenzangu, hakuna mila na hakuna mfungo. Nilikatwa tumbo Dodoma. Nilitaka mwenyewe. Sukari ilikuwa inaniua na nilitaka niione harusi ya huyu kijana nikiwa nimekaa kwenye kiti, si nikiwa nimekivunja. Sasa nikila yai zima ni sikukuu. Niliogopa nikikwambia utamnyima binti. Yeye hana kosa, na nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyekatwa." Akainua shati. Makovu matano, madogo kama alama za kalamu.

Mzee Ezekieli alivaa miwani, akainama, akayachunguza kwa karibu, na kwa muda ule ubwana mifugo uliushinda ukwe. "Wamepitia hapa? Bila kufungua? Na upande waliokata ni ule unaopanuka?" Akagusa kwa kidole. "Ng'ombe tungemlaza siku tatu."

"Mimi walinilaza mbili."

"Yaani," Bibi Severina aliingilia, "kuna watu wanaomba daktari awapunguzie tumbo? Mwaka ule wa njaa si mngekuja hapa? Tungewapunguzia wote, bila kisu." Akacheka mpaka kibakuli kikatikisika.

Lakini Mzee Ezekieli hakucheka. Alivua miwani, akarudi kitini, uso wa ofisi ukarudi. Leonard alikuwa amesimama mlangoni. Dina alikuwa ameshika birika tupu kwa mikono miwili.

"Nimekuelewa, mzee mwenzangu, na pole. Lakini wale waliowatangulia niliwafukuza kwa kanuni hii, wakanisema mkoa mzima. Nikikupitisha wewe na sahani imejaa, wale watarudi na watakuwa na haki. Sahani ya mgeni lazima iishe, na mgeni mwenyewe ale. Nisamehe."

Fredrick akaikunja hotuba yake. Kuku tu ndio walioendelea na mlenda.

"Sahani gani?" akauliza Bibi Severina.

"Hiyo hapo, mama."

"Nani kasema hiyo ndiyo sahani ya mgeni? Mama wa nyumba hii nani?"

"Wewe, mama."

"Anayepakua ni nani?"

"Ni... wewe. Kwa mila."

"Basi sijapakua bado." Akanyoosha mkono na kile kibakuli chake cha bati, mlenda na yai, nusu yake tayari imeliwa. "Dina, mpe baba hii. Na kijiko changu kioshe. Na firigisi ameshaimeza ya kwake; iliyobaki niletee mimi niinyonye, msiitupe."

Alute alishika kibakuli. Mzee Ezekieli alifikiri, akatafuta pingamizi, asilione. Akasogeza kiti karibu. Wote wakasogeza.

Kijiko cha kwanza. Mara thelathini, ingawa yai halikuwa na cha kutafuna. Hakuna aliyefumba macho safari hii. Walimkodolea kama watu wanaongoja mkwaju wa penalti. Cha pili. Cha tatu. Saa ya ukutani ilikwenda robo. Fredrick aliona hotuba yake inapoa. Cha nne kilishuka taratibu, kikakaa. Cha tano. Vikabaki viwili.

"Pole pole mwanangu," akasema Bibi Severina, firigisi imejaa shavu moja. "Mimi nakula hivyo mwaka wa kumi na moja sasa. Hawa wanakuacha mezani peke yako kama kiti."

Cha sita. Akameza. Kikabaki kimoja, chini kabisa, njano na kijani. Leonard alikuwa anatikisa midomo, anahesabu naye. Alute akakikusanya kijiko kile cha mwisho, akakiinua, kikafika kidevuni.

Kwikwi.

Moja. Kali. Ilisikika mpaka uani.

Mkono wake ukasimama hewani. Alijua. Kijiko kile kingepita, na baada ya dakika tatu kingerudi na ndugu zake wote, juu ya zulia la mkwe, mbele ya Dina. Asipokula, posa imekufa. Alimtazama Leonard. Leonard alitazama chini. Mate yalianza kujaa mdomoni. Alute, mtu aliyemaliza ng'ombe wa ubarikio pale Ikungi akabaki kuuliza mkia uko wapi, alishindwa na kijiko cha chai. Akakirudisha ndani ya kibakuli taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Hee!" Bibi Severina akapiga paja. "Na hicho kijiko changu cha mwisho mnangoja kipoe?" Akajivuta mbele na kigoda chake, akamnyang'anya kibakuli mikononi, akatia kijiko mdomoni, akalamba, akageuza kibakuli juu chini. Hakikudondosha kitu. "Kibakuli ni changu, nilianza mimi, namaliza mimi. Aliyepakuliwa katikati amekula katikati yake yote. Ezekieli, kuna kilichobaki?"

Mzee Ezekieli alichukua kibakuli. Akakiangalia ndani, akakiangalia nje, akapitisha kidole.

"Hakuna," alisema.

"Basi nipishe, nina firigisi."

Dina alidondosha birika. Leonard alikaa palepale alipokuwa amesimama, sakafuni, katikati ya vifaranga. Na Mzee Ezekieli, akiwa ameshika kibakuli cha mama yake kama kikombe cha ushindi, akapanda juu ya sauti yake ya siku za maonyesho ya kilimo.

"Ndugu wageni, ndugu wenyeji. Katika nyumba hii wamekula wakuu wa wilaya. Wamekula wachungaji na mashehe. Wamekula watu waliomaliza kuku wangu kwa dakika nane, na asubuhi yake hawakumkumbuka hata rangi. Leo nimemwona mtu aliyekubali kukatwa tumbo ili aione harusi ya kijana wake, akavaa koti lenye mlenda kwa ajili yake, akatumia dakika thelathini na tano kwa vijiko sita, na kila kijiko amekiheshimu kuliko mimi nilivyomheshimu mtu yeyote ofisini. Mke tumempata, mume tumempata, jibu ni ndiyo, na liandikwe! Sasa mzee mwenzangu, kabla mwalimu hajaanza hotuba yake, kabla vigelegele havijapigwa, simama, uziambie koo hizi mbili neno moja, neno ambalo wajukuu watalishika. Tunakusikiliza."

Fredrick, akikumbuka kiapo, alimkanyaga mguu. Alute alisimama. Akafuta mdomo. Akaangalia jogoo aliyepangwa vipandevipande mezani, akaangalia koti, akaangalia nyuso zote zilizokuwa zimeinuka kwake.

"Nimeshiba," akasema, akakaa.